Nauza vileja na kupaka hina huku tunapokea Universal Credit: je, lazima niseme?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nakuandikia kutoka Leicester, Uingereza. Mimi na mume wangu tuna watoto wawili na tunapokea Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, pamoja na fungu la kodi ya nyumba. Mume wangu yuko ghalani siku tatu kwa wiki, anapata kiasi cha pauni 700 kwa mwezi, na mshahara huo serikali inauona yenyewe. Jumamosi humwoshea magari rafiki yake, analipwa mkononi. Mimi sina kazi, ila miezi minane sasa naoka vileja na mkate wa kumimina kwa oda, na zikiwepo harusi napaka hina. Nilianza kwa kujifurahisha tu. Nikitoa unga, nazi na maboksi hunibakia kama pauni 150 kwa mwezi. Wenzangu wanasema chini ya pauni 1,000 kwa mwaka huulizwi. Mwingine anasema hii ni mali ya serikali isiyokuwa ya Kiislamu, haina dhambi. Mimi moyo hautulii. Nikitoa sadaka msikitini kwa kiasi kile kile, haitoshi?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Vileja vyako ni halali na hina yako ni halali. Jasho lako halina neno. Tatizo liko kwenye ile fomu uliyoikubali siku ya kuomba msaada, kwamba kila pato litakaloingia nyumbani mtalisema. Hiyo ni ahadi, na Allah anasema katika Suratul Maida, aya ya 1: “Enyi mlioamini! Tekelezeni ahadi.” Hakusema ahadi za Waislamu peke yao.

Tuanze na hiyo pauni 1,000, maana katika harusi zetu mawakili ni wengi kuliko mahakamani. Msamaha huo upo kweli, lakini ni wa kodi ya mapato, haumo katika hesabu ya Universal Credit. Ni milango miwili mbalimbali. Tena hata huko kwenye kodi, 1,000 inahesabiwa kwa mauzo yote ya mwaka wao wa kodi, kuanzia tarehe 6 Aprili, kabla hujatoa hata kilo moja ya unga. Kwa oda ulizonitajia, huenda umeshaivuka, basi nalo litazame.

Kwa Universal Credit unatakiwa kila mwisho wa kipindi chenu cha mwezi uandike kilichoingia na ulichotumia kwa biashara, hata kama ni pauni 20, hata kama hukupata kitu. Huruhusiwi kutia humo sukari ya chai ya nyumbani. Wenye watoto wana kiasi wanachoachiwa kwanza bila kukatwa. Kwa wanaolipiwa kodi ya nyumba, mwaka wa 2025/26 kilikuwa pauni 411 kwa mwezi, ninyi wawili kwa pamoja. Mshahara wa mume wako umeshakila chote. Kwa hiyo katika kila pauni yako, msaada unapungua kwa senti 55. Pauni 150 zinakatiwa 82.50, na 67.50 zinabaki mkononi mwako. Angalia basi: hawakunyang’anyi kazi yako, na wala kutaja vileja hakufungi msaada. Wengi wananyamaza kwa kuogopa kitu ambacho hakipo.

Ama huyo aliyesema mali ya wasiokuwa Waislamu haina dhambi, mwambie kisa cha Al-Mughira bin Shu’ba, kilichopokewa na Bukhari. Kabla ya kusilimu alifuatana na watu safarini, akawaua na kuchukua mali zao, kisha akaja kwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, kusilimu. Mtume akamwambia kwamba Uislamu wake ameupokea, ama ile mali yeye hahusiki nayo hata kidogo. Wenye mali walikuwa washirikina. Na Imamu Shafi, ambaye sisi watu wa pwani tunamfuata, ameeleza kuwa Muislamu akiingia katika nchi ya wasiokuwa Waislamu kwa amani, basi nao wako katika amani kwake. Si halali kuwafanyia hiana. Wewe uko Leicester kwa amani, watoto wako wanasoma na kutibiwa huko.

Kuna hadithi nyingine naipenda zaidi katika mlango huu, ya Qabisa bin Mukhariq, katika Sahihi Muslim. Alibeba dhamana ya deni akaja kuomba. Mtume akamfundisha kuwa kuomba ni halali kwa watu watatu: aliyebeba dhamana, aliyeteketezwa mali yake na msiba, na aliyefikwa na ufukara wakashuhudia watu watatu wenye akili katika jamaa zake. Kila mmoja akamwekea mpaka: wa kwanza apate alichodhamini kisha aache, na hao wawili wapate kinachowakimu. Kuomba kwingine nje ya hapo, kasema, ni haramu. Msaada una kipimo, na kipimo hakipimiki ikiwa mpimaji amefichwa nusu ya kapu.

Sadaka haitoshi. Mali ya haki ya mtu hutolewa sadaka pale mwenyewe anapokuwa hajulikani au hafikiki. Huyu anajulikana, barua zake ziko mlangoni kwako. Toba ya haki za watu haitimii mpaka zirudi.

Najua unachokiogopa. Katika sheria yetu mtu halazimiki kutangaza dhambi yake, na kama kuna njia ya kurudisha haki kimyakimya, huifuata. Lakini hapa deni halijulikani kiasi chake mpaka wao wenyewe wapige hesabu, kwa hiyo lazima waambiwe. Nenda kwanza Citizens Advice, shirika la kutoa ushauri, hawatozi kitu, uende na daftari lako la oda kama lilivyo. Usikae usiku kuliandika upya likapendeza. Wakusaidie kuandika taarifa. Kwa hesabu yangu ya haraka miezi minane ni kama pauni 660 kwa upande wako, na kwa kawaida madeni haya hukatwa kidogo kidogo kwenye malipo yanayokuja. Kujitokeza mwenyewe si sawa na kukutwa.

Pesa za Jumamosi za mume wako hukumu yake ni hiyo hiyo, na ombi lenu ni la pamoja, kwa hiyo huwezi kusema zako ukanyamazia zake. Zungumza naye kabla hujaandika chochote, kwa upole, asije akayasoma kwenye barua.

Nguo za watoto zilizowabana ukiziuza, au dera ulilolichoka, hiyo si biashara, usijisumbue. Ila bi harusi akikutunza juu ya malipo ya hina, itie katika hesabu.

Wallahu aalam.