Kikosi cha Houston cha muda wote: manahodha wengi, mpira mmoja

Wakuu, mleta mada kauliza kikosi bora cha muda wote cha Houston Rockets, timu ya mpira wa kikapu ya NBA, ligi kuu ya Marekani, na wengi hapo juu mmepanga hivi: Harden, Drexler, McGrady, Moses Malone, Hakeem Olajuwon. Majina matamu, sikatai. Ila kikosi hicho nakipinga, na sababu yangu niliipata Tanga.

Kuna uwanja wa saruji tulikuwa tukichezea upande wa Raskazone, karibu na bahari. Ubao wa mbao, ringi imepinda kidogo kushoto, wavu haijulikani ulitoweka mwaka gani. Bila wavu nusu ya mechi ni ubishi: mpira umepita ndani au umepita nje? Kusi ikivuma, mtupo wa mbali unauona kabisa unakwenda kikapuni, halafu unahama njia kama daladala iliyoona trafiki.

Mwaka mmoja, sikukuu ya Idi, tukaandaa bonanza la mitaa. Sisi wajanja tukaunda timu ya mastaa: wawili wa Chumbageni, wawili wa Ngamiani, na mimi. Kila mmoja kwao ndiye mfungaji. Tukapangiwa na vijana wa Makorora wanaofanya mazoezi pamoja kila jioni. Walikuwa na fundi baiskeli mmoja, mfupi, mpana, ambaye sidhani kama mechi nzima alidunda mpira mara kumi. Kazi yake ilikuwa moja tu. Mtupo ukiondoka mkononi haangalii mpira, anakutafuta wewe. Anakuwekea mgongo, makalio kwenye mapaja yako, mikono kaitandaza, nawe unabaki kuutazama mpira ukimdondokea kama embe. Upande wetu kila shambulizi ni "nipe! nipe!" Tulifungwa kwa tofauti ya pointi tisa na tukaanza kugombana kabla hata ya kuvua raba. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Sasa turudi Houston. Wa kwanza ni Hakeem, na huyo hana mjadala. Kijana wa Lagos aliyeanzia kwenye soka na mpira wa mikono, akachaguliwa wa kwanza kwenye drafti ya 1984, pale timu zinapogawana wachezaji wapya, Michael Jordan akiwa wa tatu. Msimu wa 1993/94 alibeba tuzo tatu: mchezaji bora wa ligi, mlinzi bora, na mchezaji bora wa fainali. Mpaka leo hakuna mwingine aliyezikusanya zote kwa msimu mmoja. Februari 1995, mwezi wa Ramadhani, akicheza huku amefunga, akatajwa mchezaji bora wa mwezi. Mtu wa Tanga ukimsimulia hilo huna haja ya kuongeza kitu.

Mjomba wa rafiki yangu alikuwa baharia, akatuletea kanda ya video ya mechi za Houston za 1995 dhidi ya San Antonio. David Robinson ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa ligi mwaka ule. Tulirudisha nyuma kipande kimoja mpaka kanda ikaanza kutoa mistari: Hakeem anapokea mgongo ukiwa kwa Robinson, bega linakwenda upande mmoja, Robinson anafuata, Hakeem anageuka, anajifanya anarusha, Robinson anaruka, na Hakeem anapita chini ya mikono yake kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo. Katika mfululizo ule wa mechi Hakeem alikuwa na wastani wa pointi 35 kwa mechi.

Lakini wengi mnamtazama Hakeem peke yake. Mtazameni na Robert Horry, kasimama mbali kwenye mstari wa pointi tatu. Mrefu wa pili wa San Antonio akimwacha aende kusaidia kwa Hakeem, Horry anatupa. Asipomwacha, Robinson yuko peke yake na balaa lile. Ni kweli mstari ulikuwa umesogezwa karibu msimu ule, mita 6.7 pande zote, kwa hiyo hesabu za enzi zile zisilinganishwe na za leo bila kulijua hilo. Hata hivyo Horry hakuwa wa kutupa tu. Mechi ya pili ya fainali dhidi ya Orlando alipora mipira saba.

Ndiyo maana namba nne, yule mrefu anayecheza kando ya senta, namweka Horry, na Moses Malone anaanzia benchi. Najua nitatukanwa. Moses alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1979 na 1982 akiwa na jezi ya Houston, na ndiye aliyemkomaza Hakeem kijana kwenye mazoezi ya kiangazi pale Fonde, ukumbi wa michezo wa Houston. Kwa ribaundi za kushambulia, yaani kuunasa mpira ambao timu yako imekosa, yule fundi baiskeli wa Makorora ni mwanafunzi wake wa mbali. Tatizo ni eneo. Wote wawili wanaishi chini ya ringi, na ukiwaweka pamoja kila mmoja anamletea mwenzake mlinzi wa pili. Hakeem akipumzika, Moses anaingia, na mpinzani aliyekuwa anahema kwa Hakeem sasa anaanza kupigwa viwiko.

Drexler ndani. Aliletwa Februari 1995 msimu ukiwa katikati, nyota kamili, na hakumpokonya mtu mpira. Alikimbia, akakata, akalinda. Timu ikaingia mtoano ikiwa ya sita kwa timu za upande wa Magharibi na ikachukua ubingwa.

McGrady nje. Pointi 13 ndani ya sekunde zisizofika 35 dhidi ya San Antonio, Desemba 2004, nazijua, nimeziangalia mara nyingi kuliko picha za harusi yangu. Nikishakuwa na Harden, lakini, sihitaji mwingine anayesubiri mpira mkononi. Nafasi yake nampa Shane Battier, mtu wa kumsumbua mfungaji wa wapinzani usiku kucha bila kuomba pasi.

Harden mwenyewe nilimfikiria sana. Mei 2018, mechi ya saba dhidi ya Golden State, kwetu ilianza kama saa kumi alfajiri. Ramadhani tena. Nikala daku macho kwenye simu, bando linakwisha, Houston wanaongoza. Nikaenda kuswali alfajiri. Niliporudi walikuwa wanakosa mitupo ya pointi tatu, wakakosa tena, wakakosa tena, mpaka zikafika 27 mfululizo. Chris Paul alikuwa ameumia, na hapakuwa na mtu wa kupewa mpira chini ya ringi akatulize mambo. Siku nzima ile nilifunga kwa hasira.

Kwa hiyo Harden namweka, kwa sababu safari hii ana wa kumpa. Msimu wa 2016/17 aliongoza ligi nzima kwa pasi za mabao. Mtu mwenye jicho lile, akiwa na Hakeem ndani, Horry pembeni na Drexler anayekata kuelekea ringi, nani anakwenda kusaidia na anamwacha nani?

Watano wangu basi: Harden, Drexler, Battier, Horry, Hakeem. Benchi linaongozwa na Moses, Yao Ming na McGrady. Anayetaka kumwanzisha Moses aniambie kwanza Hakeem atageukia upande gani.

Halafu kuna la Mtanzania mwenzetu, Hasheem Thabeet. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili, Harden wa tatu, na Februari 2011 Houston wakamchukua kutoka Memphis kwa kumtoa huyo huyo Battier ninayemsifu hapa. Alicheza mechi chache tu. Jezi ya mwisho kwenye kikosi changu cha watu 12 ni yake, na hapo sijadiliani na mtu.