Baba yake ni yule anayemshika

Yaya, umeuliza tunapenda sehemu gani ya The Fresh Prince of Bel-Air, ile tamthilia ya vichekesho ya Marekani, kuliko zote. Mimi ni ile ya 1994: Lou, baba yake Will, anarudi baada ya miaka 14, anaahidi safari, kisha anamwacha tena. Will anajikaza kwanza, anataja yote aliyojifunza bila baba, hata kunyoa ndevu. Halafu sauti inamkatikia, na Phil, mume wa dada wa mama yake, anayemlea (James Avery, ah, mwigizaji yule!), anamvuta kifuani. Chini kuna sanamu ya baba na mtoto, zawadi ambayo Will alimnunulia Lou.

Tuliiangalia kwa Kifaransa, nyumbani Kadutu. Huku Bukavu, Kongo, mume wa mama mdogo ni baba tu. Mama akashangaa: «Lakini baba yake si huyu anayemshika?»