Uzazi umeshuka, vizazi vimeongezeka

SWALI: Niliandika: "Kiwango cha vizazi kimeshuka sana, lakini idadi ya watu bado inakua." Mhariri akafuta "vizazi" akaweka "uzazi", na "inakua" akaifanya "inaongezeka". Nimekosea, au ni mapenzi yake tu?

JIBU: Hilo la "inakua" ni mapenzi yake. Nami ningeandika "inaongezeka", ila kukua sikuiti kosa. (Kosa ni "idadi nyingi", ambayo naiona kila siku. Idadi huwa kubwa au ndogo.)

"Vizazi" ni jambo jingine. Kizazi ni tumbo la uzazi, ni kuzaliwa kwa mtoto, tena ni daraja la ukoo: wajukuu kizazi kimoja, vitukuu kingine. Ukifupisha ukaandika "kizazi kimeshuka", msomaji atadhani kuna mama anahitaji daktari.

Kwenye takwimu, vizazi huandamana na vifo: ni hesabu ya watoto waliozaliwa. Uzazi ni wastani wa watoto ambao mwanamke mmoja huzaa maishani mwake. Viwili hivi vinaweza kwenda njia tofauti. Chukua wanawake 100, kila mmoja azae watoto 6: vizazi 600. Tuseme wote wamekua na nusu yao ni wanawake, yaani 300, nao wakazaa watoto 3 kila mmoja. Vizazi ni 900! Uzazi umepungua kwa nusu, vizazi vimepanda. Mabinti wa hao ni 450. Wakizaa wawili wawili, bado tunapata 900. Familia kubwa za mabibi ndizo zilizoacha akina mama wengi kiasi hicho, na ndiyo sababu watu huendelea kuongezeka kwa miaka mingi hata uzazi ukishafika 2.1, kiwango ambacho kizazi kimoja hujaza tu nafasi ya kilichotangulia. Hapo neno limerudi kwenye maana ya ukoo, na halina mbadala. "Rika" ni watu wa umri mmoja, si wazazi na wana wao.

Sasa, "kiwango cha vizazi" nacho kipo: ni watoto waliozaliwa kwa mwaka katika kila watu 1,000. Kwa hiyo tazama tarakimu uliyoitumia. Kama inahesabu kwa kila watu 1,000, mwambie mhariri arudishe neno lako. Kama ni watoto kwa kila mwanamke, yeye ndiye aliyepatia.