Misuli niliyoipata kwa steroidi: itabaki, na toba yangu ikoje?

SWALI: Assalaamu alaykum, Shekhe. Mimi ni kijana ninayepiga tizi. Kwa muda nilikuwa nachoma sindano za steroidi ili nitanuke haraka. Sasa nimeacha na nimetubu, lakini mwili bado mkubwa na watu wananisifu. Je, misuli hii itabaki au itakwisha? Ikibaki, nitakuwa naendelea kufaidi haramu? Na naruhusiwa kuingia mashindano ya wasiotumia dawa?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullaahi wabarakaatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba zake.

Wanazuoni wanasema kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu, kwa hiyo tuanze na mwili wenyewe. Steroidi hizi ni homoni ya testosteroni iliyotengenezwa maabara, au jamaa zake. Zikiingia mwilini huifanya misuli itengeneze protini kupita kawaida. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1996, wanaume walidungwa miligramu 600 za testosteroni kila wiki kwa wiki 10. Waliodungwa bila kugusa chuma waliongeza takriban kilo 3 za mwili usio mafuta, ilhali waliofanya mazoezi bila dawa waliongeza takriban kilo 2. Yaani aliyekaa tu na sindano yake alimpita aliyetoka jasho! Nitalirudia hili tukifika kwenye sifa za watu.

Ukiacha, maji ndiyo huondoka kwanza, kwa sababu baadhi ya dawa hizi huufanya mwili ushike chumvi na maji, na mtu akajiona amejaa. Kisha huja kipindi kigumu zaidi. Ulipokuwa ukidunga, ubongo uliona homoni tele kwenye damu ukaacha kuziamrisha korodani, nazo zikanywea na manii yakapungua. Dawa ikiisha, mwili hauna homoni ya sindano wala ya kwake ya kutosha. Hali hiyo huchukua miezi, na kwa wengine hupita mwaka. Humo misuli hupungua, mafuta huongezeka, hamu ya tendo la ndoa hushuka, na wapo wanaozama katika huzuni. Wengi hurudia sindano hapa, kwa hiyo jihadhari napo. Ukishikamana na mazoezi na chakula sehemu ya misuli itabaki, lakini kile kilichozidi uwezo wa homoni zako mwenyewe kitapungua tu, hata ukeshe ukinyanyua vyuma.

Lipo pia lisiloonekana kwa macho. Watafiti wa Oslo, nchini Norwei, mwaka 2013 walieleza kuwa panya waliopewa testosteroni misuli yao ilirudi ukubwa wa kawaida baada ya dawa kuondolewa, lakini viini vya ziada (sehemu za seli zinazoongoza utengenezaji wa protini) vilivyoongezeka ndani ya nyuzi za misuli vilikuwapo hata miezi 3 baadaye. Walipopewa kazi nzito, misuli ile ilikua upesi kuliko ya panya ambao hawakupewa dawa. Panya si binadamu, lakini si haki kusema kwamba dawa ikishatoka kwenye damu basi athari yake yote imetoka.

Ama hukumu, kutumia dawa hizi bila haja ya tiba ni haramu kwa sababu ya madhara yake kwa moyo, ini na uzazi. Mwenyezi Mungu amesema: "Wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo" (2:195). Na Mtume (s.a.w.) amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Vijana hunijibu kwa hadithi ya muumini mwenye nguvu kuwa bora kuliko dhaifu, nao huishia hapo. Waendelee kuisoma: "Fanya pupa katika linalokufaa."

Kubaki na misuli hiyo si dhambi mpya. Dhambi ilikuwa kitendo, nawe umekiacha. Juta, na uazimie kutokirudia. Hata kwa mla riba aliyefikiwa na mawaidha akakoma, Mwenyezi Mungu amesema yaliyopita ni yake mtu huyo (2:275). Hukulazimishwa kujikondesha ili toba ikubaliwe.

Mashindano yana hukumu nyingine, kwa kuwa humo mna haki za watu. Waislamu wako juu ya masharti yao. Kama kanuni inamtaka mshindani awe hajawahi kabisa kutumia, usiingie. Kama imeweka muda maalumu tangu kuacha, nawe umeutimiza, ingia, na ukiulizwa sema kweli. Ukisaini uongo, umeingia katika kauli ya Mtume: "Mwenye kutudanganya si katika sisi." Na kama uliwahi kuchukua zawadi kwa udanganyifu wa aina hiyo, irudishe kwa waandaaji.

Kuhusu sifa, hulazimiki kumtangazia kila mtu dhambi aliyokusitiria Mola wako. Akikusifu mpita njia, mshukuru Mungu, badilisha mazungumzo. Lakini ukimfundisha kijana kwa malipo, naye akaamini atakuwa kama wewe kwa vyuma na mayai tu, kunyamaza kwako ni kumghushi. Mtume (s.a.w.) amemfananisha anayejionyesha kuwa na asichopewa na aliyevaa nguo mbili za uongo.

La mwisho hukuliuliza. Nenda kwa daktari upimwe homoni, mafuta ya damu na shinikizo, na umweleze ulichotumia na kwa muda gani. Kumweleza tabibu si kujitangazia maasi. Usijipangie dawa za "kujirudisha" kwa maneno ya wenzako wa jimu. Daktari akiona mwili umeshindwa kurudi, akakuandikia testosteroni hiyo hiyo kwa kipimo, hiyo ni tiba, nasi tumeamrishwa kujitibu. Na kama unakusudia kuoa, pima manii mapema. Ikidhihirika una tatizo la uzazi, mchumba wako ana haki ya kujua kabla ya nikaha.

Wallaahu a'lam.