Usifute mstari wa msaidizi kwenye bajeti. Mimi niliufuta, nikauza friji

Mdogo wangu wa Pasua, Moshi, hilo andiko lako la kuomba ruzuku usilitume Ijumaa.

Nimesoma uzi wako nikiwa kwa mama ntilie hapa Kijenge, Arusha, chai ikapoa. Umeuliza mambo matatu: msanii mwenye ulemavu anayetaka kuuza kazi zake kama msanii mwingine yeyote apate wapi ufadhili, usajili unaanzia wapi, na utaingiaje kwenye nyumba za sanaa bila kuonewa huruma. Wakuu hapo juu wamekumwagia majina ya mifuko. Hakuna aliyeshtuka na sentensi yako ya mwisho, eti mshauri wako kakwambia uondoe hela ya msaidizi na ya usafiri "ili bajeti ionekane ya kitaalamu".

Mimi nimeshtuka, maana sentensi hiyo hiyo niliwahi kuambiwa, na iliniondolea friji ndani.

Mimi ni mchoraji. Polio ilinipitia utotoni, natembea na magongo mawili, na safari ikiwa ndefu natumia baiskeli ya matairi matatu. Kwa miaka mingi nilichora twiga na mlima kwa ajili ya watalii, kisha nikachoka. (Twiga hawana kosa.) Nikaanza kuchora wabeba mizigo wa soko la Kilombero kwenye turubai za mita moja na nusu, watu wakaanza kusimama na kutazama, nikajiona nimefika. Ndipo nikasikia kuna shirika linatoa ruzuku kwa wasanii, kikomo milioni 8. Kiingereza changu ni cha kuuzia picha, si cha kusomea miongozo, kwa hiyo nikaelekezwa kwa "mshauri wa miradi". Ofisi ina kapeti, ukutani vyeti vinne, na mezani sahani ya pipi. Ningejua, ningekula pipi nikarudi nyumbani.

Bajeti niliyompelekea ilikuwa 7,260,000. Turubai, rangi, fremu za picha 20, ukumbi na vipeperushi vilikula 5,500,000. Msaidizi 200,000 kwa mwezi kwa miezi minne, jumla 800,000. Bajaji ya kwenda karakana na kurudi 12,000 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 16, jumla 960,000. Niliipiga kwa mkono kwenye daftari la mwanangu.

Yule bwana akachukua kalamu nyekundu, akaikata mistari miwili ya mwisho. Akaniambia, "Mfadhili akiona msaidizi, bajaji, msaidizi, bajaji, anaona mzigo. Kwani wewe unataka uitwe msanii au mlemavu?"

Ungejibu nini? Miaka yote nimekimbia kuitwa kwenye hafla za Desemba 3, siku ya watu wenye ulemavu, nikapewe fulana na soda, picha zangu zikatundikwe nyuma ya jukwaa la mgeni rasmi kama mapazia. Aliponigusa hapo nikalegea. Nikasema futa. Tena nilitoka mle ofisini natamba, najiona nimepanda daraja, kumbe nimejikata miguu mara ya pili.

Hela zikaingia, milioni 5 na nusu. Mshauri akachukua asilimia kumi yake, 550,000, siku hiyo hiyo. Kazi ikaanza, na miguu yangu, ambayo haikuwa imesoma bajeti, ikaendelea kuwa vile vile. Kwenye kifodi (daladala zetu za hapa) konda anatazama baiskeli anageuza uso, au anadai nauli ya watu wawili. Na mwenye magongo mawili ana mikono mingapi ya kubebea turubai? Bajaji nikalipa. Msaidizi nikalipa pia, kijana wa Ngarenaro, mwaminifu, ila naye anakula. Hela hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwenye fremu, na kwenye rangi. Mwezi wa tatu nilikuwa natumia rangi ya maji ya ukutani kutandikia turubai, halafu nawaambia watu ni "mtindo".

Sasa sikia ya ukumbi. Kwa kuwa hela ilishaminywa, mshauri akatutafutia wa bei nafuu, katikati ya mji, ghorofa ya pili. Lifti hakuna. Ngazi nimezihesabu, maana nilipata muda mwingi wa kuzitazama: 34, na kona mbili. Nikamwuliza mimi napandaje? Akajibu, "Vijana wapo." Kweli walikuwepo. Siku ya ufunguzi wawili wakanishika, mmoja kwapani mmoja magotini, kama kreti la soda, na shati langu jipya likatoka kwenye suruali. Kwenye kona ya kwanza nikawaambia wanishushe. Nikakaa kwenye kiti cha mlinzi, pale pale chini, nikasikia juu wanagonga glasi, wanapiga makofi, mtu anasoma hotuba kuhusu mimi. Mlinzi akaniuliza, "Mzee, na wewe unasubiri bosi?" Nikamwambia ndiyo, amechelewa kidogo.

Picha zilizoning'inia juu zilikuwa 13. Andiko lilisema 20.

Ikaja ripoti. Afisa wa lile shirika, mama mmoja mstaarabu, akaniuliza zilipo fremu saba. Nikamweleza ukweli: bajaji na msaidizi. Akanyamaza kidogo, akafungua mwongozo wao ukurasa wa 4, akanisomea kwa Kiswahili polepole: mwombaji mwenye ulemavu aweke gharama za mahitaji yake kwenye mstari wake, hazitampunguzia alama. Nilikuwa na nafasi hadi milioni 8! Bajeti yangu ya daftari ilikuwa inaenea na chenji inabaki. Lakini kilichosainiwa ni kilichosainiwa, matumizi yasiyo kwenye bajeti hayatambuliki, nikatakiwa kurudisha 1,150,000 kwa awamu tatu. Friji likaenda. Cherehani ya mke wangu ikafuata, jambo ambalo likitajwa nyumbani hadi leo mimi huenda kukaa nje.

Na mshauri? Nilimpigia, akaniambia mradi "umenijengea uzoefu". Mtu ana miguu miwili mizima, ana gari, hajawahi kukataliwa na konda hata siku moja, halafu ndiye anayekata bajaji yangu kwa kalamu! Na hakuwa mwongo, hilo ndilo linaloniuma. Aliamini kabisa anachosema. Mwongozo alikuwa nao mezani, hakufika ukurasa wa 4. Mshauri wako amefika? Mwulize leo. Na kama naye anadai asilimia ya ruzuku, mwulize mfadhili kama hilo linaruhusiwa, halafu utazame sura yake.

Usidhani hii ni huruma ya Kiafrika. Kule Uingereza, Arts Council England, baraza lao la sanaa linalogawa ruzuku, inaweka gharama binafsi za msanii mwenye ulemavu pembeni, hazihesabiwi kwenye kiwango anachoomba. Kuna mpango wa Unlimited pia, ulioanza na shamrashamra za Olimpiki ya London 2012, ambayo lengo lake ni kazi za wasanii wenye ulemavu zifike kwenye majukwaa makubwa ya kawaida. Wale wamekaa kwenye jambo hili miaka mingi, na hawamwambii mtu afiche kiti chake ili aonekane msanii. (Kuna mkuu hapo juu amekutajia Disability Futures ya Marekani, ile ya Ford na Mellon (taasisi za ufadhili za kule) iliyoanza 2020 kwa wasanii 20, dola 50,000 kila mmoja. Mkuu, ile ilikuwa ya watu wa kule kule na haikuwa na fomu ya kuomba, walikuwa wanapendekezwa. Usimpotezee dada wa watu bando.)

Sasa andika hivi. Fungua kipengele chake, kiite "Gharama za mahitaji ya msanii". Kiweke cha kwanza, juu ya rangi na udongo wako wa kufinyangia. Msaidizi: jina la kazi, siku, bei, jumla. Bajaji: kutoka wapi hadi wapi, mara ngapi. Kama ukumbi una ngazi, andika mteremko wa mbao wa kupandishia kiti mwendo chako na fundi wake, au ubadili ukumbi. Tairi na beringi za kiti, maana barabara za kwenu Pasua nazijua. Kama kwenye ufunguzi utaalika viziwi, mkalimani wa lugha ya alama naye ana bei yake. Ukimaliza ndipo uanze kuhesabu fremu. Hela isipotosha, punguza picha. Ahidi 12 ulete 12.

Hata ukienda kwenye mikopo, hesabu ni ile ile. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 sisi wenye ulemavu, haina riba, ilisimamishwa 2023 ikarudi mwaka uliofuata; mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao hutoa mikopo. Mkopo unarudishwa, kwa hiyo ukificha bajaji huko utarudisha hela ambayo ilishaondoka na bajaji.

Kuhusu kuonewa huruma, nitakwambia moja tu. Mzee Morris Nyunyusa alikuwa haoni, na ngoma zake ndizo zilizotangulia taarifa ya habari Radio Tanzania. Nchi nzima ilizisikia, na sikumbuki mtu akisema hizo ni ngoma za kipofu. Lakini naamini kuna mtu alimshika mkono hadi studio, na huyo mtu naye alikula mchana.

Usajili ni BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, mengine uliza wakuu, mimi nimeishiwa chaji. Sasa hivi mpigie dereva wako wa bajaji, mwulize bei ya mwezi mzima, aiandike kwenye karatasi na asaini. Bajeti mpya iweke hapa Alhamisi kabla ya saa mbili usiku, niipitie kwa kalamu ya bluu.