Jibu kwa motari wa barabara ya Sake: soma jina dogo kwanza

Usivimeze hivyo viwili pamoja! Unasema vumbi limekumaliza pua na macho, farmasi wamekupa vidonge vyeupe vya mafua na vingine vidogo vya njano vya mzio. Unauliza kama uvitumie vyote huku unabeba watu kwa pikipiki, kama ni kabla ya chakula au baada, utumie siku ngapi, na kama mwanao wa miaka 4 apewe nusu. Mdogo wangu, nilivimeza hivyo hivyo, hapa hapa Goma, na nilibeba watu.

Ilikuwa kiangazi, pua inachuruzika, napiga chafya ndani ya kaske mpaka kioo kinaingia ukungu. Kijana wa farmasi alichukua mkasi, akakata vyeupe sita na vya njano vitatu, akavifunga katika karatasi. Upande wenye maandishi wa plaketi, yaani ile karatasi ngumu inayoshika vidonge, ukabaki kwake. Nikamuuliza kwa mdomo wangu, "Havileti usingizi?" Akajibu bila kuinua macho, "Ni vya mafua tu, mkubwa." Vyeupe viwili na cha njano kimoja, asubuhi, mchana, jioni.

Na kabla hamjaanza kusema nilikuwa nimelewa: siku ile nilikunywa chai na maji.

Jioni nikapakia mama mmoja Birere, ana beseni la sambaza, vile visamaki vya ziwani, tunaelekea Ndosho. Sikusinzia. Hilo ndilo nataka ulielewe, maana nyote mnadhani dawa ikikulevya utapiga miayo na utajua. Macho yangu yalikuwa wazi. Niliiona chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, imejaa makala inakata barabara mbele yangu, niliiona vizuri kabisa, nikajiambia shika breki, na mkono ukachelewa. Kilichochelewa ni kidogo tu, kama muda wa kutamka jina lako. Tuliingia kwenye makala. Mama akavunjika mfupa wa mguu, sambaza zikamwagika juu ya mawe ya lava, na yeye, amelala pale chini, anawaambia watoto waziokote zisiharibike. Sauti ile bado naisikia.

Pikipiki niliiuza kulipa hospitali yake. Miezi mitano yule mama hakwenda sokoni, na watoto wake walikula kwa nilichopeleka mimi, siku nyingine kidogo, siku nyingine hakuna.

Pale hospitali daktari aliniuliza nimemeza nini. Nikasema vya mafua na vya mzio. Akaniuliza majina, sikuwa na jina hata moja. Wiki iliyofuata nilirudi farmasi kwa miguu, nikaomba nione plaketi nzima. Mbele kuna jina kubwa, la kiwanda, kila kimoja lake. Nyuma, kwa herufi kama miguu ya sisimizi, ndilo jina la dawa yenyewe. Cha njano: klorofeniramini, miligramu 4. Vyeupe: parasetamoli, na chini yake klorofeniramini tena, miligramu 2 katika kila kidonge! Piga hesabu. Kila mara nilikuwa nameza 8, kwa siku 24, na 24 ndio ukomo wa mtu mzima kwa siku nzima. Mtu aliyebaki nyumbani, si mtu aliyepakia mama wa watu.

Yule kijana alikuwa na maandishi mkononi. Hakuyasoma na hakuniacha niyasome. Mkasi wake aupeleke kwa fundi wa nguo, kule hautavunja mguu wa mtu.

Daktari alinieleza hivi. Histamini, kemikali ya mwili wako mwenyewe, ndiyo inayowasha pua yako vumbi likiingia, lakini ndani ya ubongo histamini hiyo hiyo ndiyo inayokuweka macho. Dawa za zamani za mzio, yaani klorofeniramini na promethazini, zinaingia mpaka ubongoni na kuizima kule pia. Ukiongeza bia au kidonge cha usingizi, inakuwa mbaya zaidi. Na ukimeza usiku, asubuhi bado unaweza kuwa nayo kichwani unapoamka umewahi abiria wa kwanza. Mzee mwenye shida ya prostate, yaani tezi dume, anaweza kuzibwa mkojo kwa dawa hizi, basi usimgawie baba yako zilizobaki. Zipo za baadaye, setirizini na loratadini, miligramu 10 mara moja kwa siku, ambazo haziingii sana ubongoni. Muombe mfamasia hizo. Hata hivyo setirizini huwalegeza watu wengine, basi siku ya kwanza imeze siku usiyofanya kazi, ujitazame. Mwenye ugonjwa wa figo aseme kwanza, kipimo chake hupunguzwa.

Mtoto: hapana. Nusu ya kile cha njano ni miligramu 2, na mtoto wa umri huo hupewa 1, tena kwa sirop yenye kipimo chake, baada ya kuonwa na muuguzi. Na kama siku moja mtu wako anavimba midomo na pumzi inakata, usikae kusubiri kidonge kifanye kazi, mkimbize hospitali achomwe adrenalini.

Lakini narudi pale pale: jina dogo. Usipokee kidonge kilichokatwa bila jina, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Akikata, mwambie akuonyeshe plaketi, uandike kwenye simu kila jina na kila miligramu, ulinganishe na ulicho nacho nyumbani. Kwenye maandishi ya Kifaransa tafuta neno linaloanza na C-H-L-O-R. Ukiliona mara mbili, rudisha kimoja. Ukiliona hata mara moja, pikipiki ilale.

Kesho asubuhi, kabla hujatoka, rudi pale ulipovinunua uombe plaketi zote mbili. Uniandikie hapa majina yaliyo nyuma. Nakusubiri.