Darubini Mwezini: watu watasaidia au wataharibu?

SWALI: Ninafundisha fizikia sekondari. Wanafunzi wananiuliza kama watu wakihamia Mwezini wataona nyota vizuri kuliko sisi. Nami najiuliza: kwa nini kupeleka watu, wakati darubini zilizo angani zinaendeshwa kutoka hapa Duniani?

JIBU: Mwalimu, nianze na wanafunzi. Mwezini hakuna hewa, kwa hiyo nyota hazimetimeti na picha hutulia. Lakini faida hiyo Hubble, darubini iliyo angani, inayo tayari. Mimi ni mtu wa antena, na ninachoutamania Mwezi ni ukimya wake wa redio.

Haidrojeni iliyokuwepo kabla nyota ya kwanza haijawaka ilitoa mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 21. Kwa kuwa ulimwengu umetanuka, nayo yamevutika. Leo yanatufikia yakiwa na urefu wa mita kadhaa, mengine zaidi ya kumi. Masafa hayo tumeyajaza matangazo yetu wenyewe, na yakishuka chini ya megahezi 10 hivi, ayonosfea, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme, huyazuia yasifike ardhini. Mwezi hutuonyesha uso mmoja tu. Ukiwa nyuma yake, mwamba wenye kipenyo cha kilomita 3,470 hivi unakukinga na mitambo yote ya Dunia. Satelaiti ya Explorer 49, iliyorushwa 1973, ilipopita nyuma ya Mwezi kelele zetu za redio zilikatika.

Watu wanaingia kwenye ufundi. Aprili 1972 mwanaanga John Young wa Apollo 16 alisimamisha Mwezini kamera ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, iliyobuniwa na George Carruthers. Iliwekwa kwenye kivuli cha chombo chao isipate joto, na kivuli kiliposogea, Young aliihamisha. Kila alipoielekeza upya, pete ya kuigeuzia ilizidi kuwa nzito, naye akaendelea kuigeuza kwa nguvu ya mkono. Filamu ikarudi na picha za wingu la haidrojeni linaloizunguka Dunia. Hubble nayo ilikuwa na kioo kilichochongwa vibaya. Wanaanga waliifuata Desemba 1993 na kuirekebisha. Darubini ya James Webb iko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, na hakuna fundi wa kuifikia.

Lakini fundi huyo huyo ni hatari. Vumbi la Mwezi lina makali, kwa maana hakuna upepo wala maji ya kulisugua, na linang'ang'ania kila kitu. Apollo 12 ilitua mita 160 hivi kutoka chombo cha zamani, Surveyor 3. Wanaanga walikata vipande vyake wakavirudisha nyumbani, vikakutwa vimekwanguliwa na mchanga uliorushwa na roketi yao wenyewe. Fikiria kioo cha darubini mahali hapo! Juu ya hayo, kila kifaa cha umeme ni redio ndogo isiyokusudiwa.

Kwa hiyo makazi yasijengwe karibu na antena. Yawe ncha ya kusini, kwenye vilele vinavyopata jua muda mrefu, na antena ziwe mbali, upande wa nyuma, zikituma data kwa nyaya au leza. Ningependa pia ratiba ifuate Mwezi wenyewe: mchana wa huko ni wiki mbili, mafundi waende wakati huo. Usiku, nao wiki mbili, Jua na kelele zake likiwa limejificha, waondoke na kuzima kila walichokuja nacho, antena zisikilize.